Kofi Lisilo na Sauti: Kumuaga Vartan Kasparian wa Chumba Namba Nne

Ijumaa tarehe 30 Aprili 1965, saa kumi na moja jioni, Bwana Vartan Kasparian wa idara ya sauti atakabidhi ufunguo wa Chumba Namba Nne na kustaafu, baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Sherehe ya kumuaga itaanza kantini nusu saa baadaye, na keki itakuwepo. Kamati ya wafanyakazi ilimwomba mwandishi wa makala haya aandike wasifu huu kwa sababu, walisema, ndiye anayemfahamu Kas kuliko wote. Hilo ni kweli. Ndiyo maana karatasi hii imechanwa na kuanzwa upya mara sita.

Kas, kama tunavyomwita wote, aliingia lango letu Februari 1934 akitokea Fresno, kwenye mashamba ya zabibu ya baba yake. Aliajiriwa kama seremala wa kujenga kuta za uongo. Wiki ya tatu, mtengeneza sauti akaugua mafua, na seremala mpya akatumwa kushika nafasi yake kwa mchana mmoja. Mchana huo haujaisha mpaka leo.

Kwa vijana wetu wa kitengo cha televisheni, yafaa kueleza kidogo. Miaka ile studio ilikuwa imewaajiri wachekeshaji wawili kutoka kumbi za New York, Krimp na Dabney. Sol Krimp ndiye mrefu, mwenye nyusi nene na hasira za karibu. Kazi yake ilikuwa kupiga. Alvin Dabney ndiye mnene, mpole, mwenye uso kama mkate unaoumuka. Kazi yake ilikuwa kupigwa. Krimp anampa Dabney ngazi aishike, Dabney anageuka nayo, ngazi inampata Krimp, Krimp anamzaba Dabney kofi. Dunia nzima ilicheka kwa kofi hilo, lakini halikuwa kofi. Mkono wa Krimp ulipita vidole viwili mbele ya shavu la mwenzake, Dabney akageuza uso, na sauti ikatiwa baadaye.

Kabla ya Kas sauti hiyo ilitolewa kwa kugonganisha mbao mbili. Kas aliisikiliza, akasema kwamba uso wa mtu si mlango, akaenda jikoni kwa wapishi kuomba paja la ng'ombe. Akalifunga kwa kitambaa kibichi, akalichapa kwa ule mkanda wa ngozi ambao vinyozi hunolea nyembe. Wote waliokuwa chumbani walijishika mashavu. Tangu siku hiyo, katika filamu mia moja na arobaini na kadhaa, Dabney hakupigwa na Krimp. Alipigwa na Kas.

Visa vyake ni vingi. Agosti 1938 alisahau paja lake kabatini Ijumaa, akarudi Jumatatu akakuta jengo zima limehamia uani na wazima moto wamefika. Wakati wa vita, nyama ilipoanza kugawiwa kwa kadi, mama mmoja mpishi alimkuta akichapa kipande kizuri cha kiuno, akamwambia mbele ya watu kwamba kuna watoto mtaani kwake ambao hawajaonja nyama tangu Pasaka. Kas hakuchapa nyama tena mpaka amani iliporudi. Mkewe, Araxie, alimkandia unga wa mkate kila asubuhi, na kwa miaka mitatu Dabney alizabwa kwa unga. Jioni unga ule uliokwa, idara ya sauti ikaula na jibini. Wanaojua kusikiliza husema filamu za miaka ile zina makofi laini kidogo.

Mwandishi wa makala haya alifika mwaka 1946, kazi yake kuokota vipande vya filamu sakafuni kwa wahariri. Kas alimkuta akila peke yake ngazini, akamwita Chumba Namba Nne anywe kahawa. Alimfundisha kusikiliza kabla ya kutazama. Alimfundisha kwamba farasi mwenye furaha na farasi mwenye njaa hawatembei sauti moja. Na alimfundisha habari ya sikio.

Habari ya sikio ilianzia kumbi za New York, mahali ambapo huwezi kusimamisha mchezo na kusema umeumia. Mkono wa Krimp ukikosea na kumpata kweli, Dabney alikuwa anavuta sikio lake la kushoto mara moja. Watazamaji walidhani ni sehemu ya kichekesho. Krimp alielewa, na makofi yaliyofuata yakapita mbali. Walipokuja kwenye filamu walikuja na ishara yao, na mwongozaji wao wa zamani akaifanya sheria: sikio likivutwa, picha hiyo inatupwa, haisafishwi hata kwa kuangaliwa. Kas alimwambia msichana wa vipande maneno haya: "Ukiona sikio, tupa. Hapo si kichekesho tena, mwanangu. Hapo ni mzee wa watu anapigwa."

Sasa tufike kwenye *Sherifu Wawili, Farasi Mmoja*, filamu ya kauboi ya dhihaka ambayo wengi wetu tulifanya kazi humo kiangazi kilichopita. Krimp alikuwa na miaka sitini na saba, Dabney sitini na minne. Hawakuwa wamesimama mbele ya kamera kwa miaka sita. Lakini televisheni ilikuwa ikirudia filamu zao fupi kila alasiri, watoto wakazipenda upya, na studio ikaona isiache chakula kipoe. Wakavishwa kofia pana, nyota za bati na bastola ambazo hazikutoa risasi ila maua.

Ilikuwa kazi ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Krimp hakuweza kupanda farasi, hivyo mafundi wakatengeneza ngazi wakaipaka rangi ifanane na mti wa mpungate. Farasi mwenyewe alikuwa jike mzee aliyeigiza filamu nyingi kuliko mwongozaji wetu, kijana aliyetoka kwenye matangazo ya sabuni. Farasi huyo alijua kuanza akisikia kengele na kulala akisikia neno chakula. Kas alimtembeza kwenye mkanda wa sauti kwa vile vikombe viwili vya mpira vya kuzibulia masinki, akivigonga ndani ya sanduku la mchanga. Siku farasi alipochechemea kwa jiwe kwatoni, Kas naye alichechemesha mikono, na hakuna aliyejua mpaka tuliposikiliza mara ya pili. Masikio yale.

Kisha likaja tukio la baa. Krimp hakuvaa miwani. Alisema hajaona sherifu mwenye miwani. Bila miwani alikuwa haoni mbali ya pua yake. Dabney alitakiwa kumwaga supu kwenye nyota ya Krimp, na Krimp kumzaba. Kiganja kilimpata Dabney barabara, upande wa kushoto, kati ya shavu na sikio. Kofia ikaruka, akazunguka nusu, akaangukia meza ya wacheza karata. Akainuka taratibu, na mkono wake ukaenda sikioni. Yule mwongozaji wa zamani alikwisha fariki. Krimp hakuona. Mafundi wote walikuwa wapya, wakacheka, na kijana wetu akapiga kelele kwamba hiyo ndiyo, isafishwe. Dabney alipangusa supu, akamaliza siku.

Hapa mwandishi wa makala haya angependa kuendelea kujiita mwandishi wa makala haya. Haiwezekani. Ni mimi, Nettie Lindquist, mhariri wa picha, jengo la pili, ghorofa ya juu.

Niliiona picha ile Jumatano asubuhi, na sikio nililiona. Hakuna mtu mwingine katika jengo lile ambaye angejua maana yake, ila mimi. Lakini mkuu wa utayarishaji, Bwana Pomfret, alikuwa amekwisha kuiona jana yake, akacheka mpaka akatoa leso, akasema hilo ndilo kofi litakalouza filamu. Ilikuwa filamu yangu ndefu ya kwanza kupewa kama mhariri mkuu, baada ya miaka kumi na minane. Nilijitia hamnazo. Nilichukua mkasi nikaikata picha mahali ambapo mkono wa Dabney umeanza kuinuka lakini haujafika popote. Ukitazama, unaona mzee ameangushwa, anainuka, basi. Inachekesha sana.

Mkanda ukaenda Chumba Namba Nne. Oktoba, baada ya siku nane, ukarudi, tukaingia chumba cha maonyesho: Pomfret, mwongozaji, mimi, na mtu wa mashine nyuma. Kila kitu kilisikika. Milango ya baa, glasi, buti, supu ikimwagika kwenye bati. Kisha mkono wa Krimp ukaja, na hapakuwa na sauti. Dabney alizunguka na kuanguka kimyakimya. Chumbani hakuna aliyecheka, na kwa mara ya kwanza kila mtu aliona kitu gani kinafanyika pale. Niliona hata Pomfret amesogea kitini.

Akageuka akaniuliza kulikoni. Kas hakuwepo. Njia ya kusema kweli ilikuwa wazi mbele yangu, fupi, ya sentensi moja. Badala yake nikasema, "Kas masikio yamechoka, bwana. Siku hizi mengine yanampita."

Na nilisema kwa sauti ya huruma. Kati ya yote, hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo. Ningemsema kwa hasira ningejua angalau ninafanya ubaya. Nilimwonea huruma mtu aliyenifundisha kazi, mbele ya bosi wake, kwa ugonjwa ambao hana.

Jioni ileile nilichukua kofi la mwaka 1941 kwenye rafu ya sauti za zamani nikalibandika mwenyewe. Lilikuwa la Kas, la mkanda na paja la ng'ombe. Lilikaa sawasawa kabisa.

Filamu ilitoka Februari, na watoto wamecheka nchi nzima. Machi, Kas akapokea barua ya kustaafishwa, miaka miwili kabla ya wakati wake, kwa kuzingatia afya. Hapo mmeanza ninyi, na siwalaumu, maana chanzo ni mimi. Kantini mmekuwa mkimpigia kelele kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mama wa supu anamwandikia kwenye karatasi, "Nyanya au dengu?" Kas anasoma, anasema dengu, anashukuru. Kamati ikaona itachangamsha sherehe kwa kumpa zawadi ya utani, lile pembe la zamani la viziwi la kusikilizia, likapakwa rangi ya dhahabu. Bakuli la mchango lilipopita, mimi nilitia kabla ya wote. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi nilikuwa kwenye ukosi wa shati lake.

Nilipopewa kazi ya wasifu huu nilikwenda Chumba Namba Nne kutafuta visa. Alikuwa anafungasha vikombe vya mpira kwenye magazeti. Aliweka buli la shaba kwenye jiko la umeme kama siku zote, akanimiminia kahawa yenye povu, akanisimulia ya paja lililooza na ya unga wa Araxie. Nikaandika, tukacheka. Kisha kalamu ikakataa. Nikamuuliza mbona hakujitetea kwa Pomfret.

"Nijitetee niseme nini?" alisema. "Nikitaja sababu, kesho yake daktari wa bima yuko mlangoni kwa Alvin, na filamu haijaisha. Wangemfungia kabatini na ile kofia yake. Alikuja hapa jioni ile ya baa. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Aliniomba nisiseme, hasa Sol asijue. Sikio halikurudi, Nettie. La kushoto. Halisikii kitu."

Nilisema, kwa ujinga wangu, kwamba basi angeniambia mimi.

Kas alinitazama namna anavyotazama paja la nyama kabla ya kuamua kama limeharibika. "Nilikwambia, mwanangu. Nilikuletea kimya. Ulikata kabla mkono haujafika sikioni. Asiyejua asingekata pale. Angengoja Alvin akae kitako. Nikasema, huyu ameliona. Nimwachie nafasi, atasema mwenyewe."

Aibu ilinivaa tangu miguuni. Aliniongezea kahawa. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mtu wa mashine alimweleza mchana uleule nilichosema chumbani. Mchana uleule. Maana yake tangu Oktoba Kas amejua, na kila asubuhi tangu Oktoba amenisalimia ngazini, akauliza habari za mama yangu. Desemba aliniletea boksi la zabibu kavu za kaka yake, kama kila mwaka. Nilizila zote.

Jumapili nilikwenda kwa Bwana Dabney, nyumbani kwake nyuma ya miti ya ndimu huko Van Nuys. Alinisogezea kiti upande wa kulia kwake. Nilimweleza yote, na nikamwambia kwamba bila ruhusa yake siwezi kuandika sababu, na bila sababu siwezi kumsafisha Kas. Alicheza na kofia magotini kwa muda. Uso wake ule ukiwa hauchekeshi ni uso wa mzee wa kawaida tu.

"Andika," alisema. "Filamu imetoka, sisi tumemaliza. Sol nitamwambia mimi. Atalia, halafu atanilaumu kwa kusimama vibaya. Lakini usimwache Kas aondoke na ukiziwi wangu."

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Pomfret nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia saa. Alisema barua imekwisha kutoka, Chumba Namba Nne kimekwisha kupewa watu wa televisheni, na maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu mimi alisema atafikiri. Nilipompelekea Kas habari hizo alisema hata wangembembeleza asingebaki, kwa sababu Araxie amekwisha kuchagua mapazia ya Fresno. Huenda ni kweli. Huenda alisema hivyo ili nipate usingizi.

Kwa hiyo siwezi kumrudishia miaka yake miwili, wala siwezi kulitoa lile kofi katika kumbi zote ambako watoto wanalicheka wiki hii. Mhariri wa jarida hili ameniuliza mara mbili kama nina hakika nataka haya yachapwe. Nina hakika. Pembe la dhahabu nimelichukua kabatini kwa kamati, liko chini ya meza yangu, na anayelitaka aje anidai mimi.

Ijumaa, kabla ya keki, tutazima taa za kantini kwa dakika mbili. Kipande nilichokikata kilikuwa bado kwenye kopo la mabaki, nimekirudisha mahali pake. Mtaona tukio la baa kama Kas alivyolileta, kisha mtaona mkono ukifika sikioni. Bwana Dabney atakuwepo. Bwana Krimp atakuwepo pia, na ameahidi kuvaa miwani. Ikifika pale pasipo na sauti, nawaomba msicheke.

Vartan Kasparian, kwa makofi yote ambayo hayakumuumiza mtu, na kwa moja ulilokataa kulitia sauti, studio hii inakushukuru, na mimi nakuomba radhi mbele ya wote waliosikia uongo wangu. Nenda salama wewe na Araxie. Mizabibu ya kaka yako izae, kahawa isikauke, na siku zenu ziwe ndefu na njema.

Na ninyi mtakaompa mkono Ijumaa, semeni naye kwa sauti ya kawaida tu. Kas anasikia.